Tuache Kupima Milima kwa Vilele

Mgeni akishuka basi Sumbawanga na kusema anataka kutembea milimani, swali lake la kwanza huwa lile lile: mlima wenu mrefu kuliko yote ni upi, na una mita ngapi? Vijana wa stendi humjibu bila kufikiri kwamba huku hakuna mlima wa maana, aende Moshi. Mgeni anatafuta kilele, mwenyeji anaona haya kwa kukosa kilele, na wanaachana wakiwa wameafikiana juu ya jambo lisilo la kweli. Wote wawili wanaamini kwamba njia bora ya mlimani ni ile inayofika juu kabisa, na kwamba mlima mrefu lazima uushinde mfupi.

Imani hiyo tumelishwa tangu darasani, ambako mlima ni jina na urefu wake wa kukariri. Imo katika hotuba za utalii. Imo katika mipango ya vijana wetu wanaoweka akiba waende kupiga picha kwenye kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, ilhali hawajawahi kushuka kwa miguu hadi kijiji cha Muze, bondeni Rukwa. Naandika haya Milanzi, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, na nasema wazi kwamba imani hiyo ni potofu, na kwamba hapa Ufipa inatugharimu.

Tuitazame nchi yenyewe. Ufipa imekaa kama kisiwa. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Mashariki liko bonde la Ziwa Rukwa, mita 800 hivi. Katikati ya mabonde hayo mawili ya ufa, ardhi imeinuka ikawa uwanda mpana wenye baridi, na mji wa Sumbawanga umekaa juu yake kwenye zaidi ya mita 1,700. Malonje, sehemu iliyoinuka kuliko zote, ina mita 2,400 na ushei. Kwa hiyo kutoka mjini hadi kileleni unapanda mita mia saba hivi tu, tena juu ya migongo ya nyasi iliyoviringana, bila jabali la kuogofya. Ukifika juu utaona migongo mingine inayofanana na huo uliosimama. Anayepima kwa kilele atarudi mjini aseme Ufipa ni ya kawaida.

Ageuke basi, aelekee mashariki, avuke safu ya Mbizi na kusimama ukingoni. Hapo ardhi inakatika. Mteremko unaoitwa Lyamba lya Mfipa unashuka zaidi ya mita 1,000 hadi bondeni, na siku ya anga safi ziwa linaonekana mbali kule chini, jeupe, likiwa halina mpaka unaoeleweka kati yake na mbuga. Mwaka 1880 msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, aliliona Ziwa Rukwa kutoka kwenye milima hii akalibandika jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji, jina ambalo halikudumu. Hakuhitaji kilele ili aone alichokiona. Alihitaji ukingo, na ukingo huo wenyeji walikuwa wakiupita na mizigo yao vizazi vingi kabla yake.

Njia za miguu zinazoshuka kutoka ukingoni hadi Muze na vijiji jirani ndizo ninazoziweka mbele ya nyingine zote za Ufipa. Asubuhi unaondoka juu umevaa sweta, katikati ya mashamba ya mahindi, ulezi na maharage. Unapita kando ya msitu wa Mbizi, ambako ukungu hukaa mitini hata jua likishachomoza, na ambako wamo mbega wekundu ambao ndugu zao wa karibu unaowasikia wakitajwa wako mbali, Mahale na Gombe. Msitu wao umemegwa vipande kwa moto na shoka, nao wamebaki humo kwa sababu nyasi tupu zinazouzunguka si makazi yao. Ukishaupita, miti inabadilika, inakuwa ya miombo. Sweta linaingia mkobani. Mawe yanaanza kuteleza chini ya mguu, joto linakupiga usoni, na kufikia alasiri umekaa chini ya mwembe unakula samaki wa Rukwa. Umehama kutoka nchi moja hadi nyingine bila kutoka wilayani. Hakuna kilele cha Ufipa kinachokupa hayo.

Na njia hizo zina historia ambayo kilele hakina. Wafipa walikuwa mabingwa wa chuma. Walijenga malungu, tanuri za udongo ndefu kupita kimo cha mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, kisha wakalisafisha pande la chuma kwa mara ya pili katika tanuri ndogo waliyoiita kintengwe. Mabaki ya malungu bado yamesimama hapa na pale vijijini. Bondeni, kwa upande wake, kulilimwa pamba na kufumwa nguo. Chuma kilikuwa juu, nguo zilikuwa chini, na kati yao ulikuwa mteremko huu. Atakayechagua njia kwa kuuliza ina mita ngapi hatajua kwamba anakanyaga barabara ya biashara.

Basi njia ichaguliweje? Uliza nani anaipita na amebeba nini. Swali hilo moja lina faida kuliko ramani nyingi nilizoziona. Njia iliyotengenezwa na nyayo za watu wenye mizigo kichwani haikimbilii juu moja kwa moja. Hujikunja mara nyingi kama nyoka, hufuata mgongo wa mlima badala ya korongo, na kila baada ya mwendo fulani hupita mahali pa tambarare pa kutua mzigo, mara nyingi karibu na maji. Shingo ya mama aliyebeba gunia ndiyo iliyopima mwinuko wake, na kipimo hicho hakidanganyi. Njia ya ng'ombe ni kitu kingine. Ni pana mwanzoni, inamshawishi mgeni, halafu inachanika vijia kumi kwenye malisho au inakupeleka korongoni ambako mifugo hunywa, na hapo huna pa kwenda. Njia ya mkata kuni au mrina asali huishia katikati ya msitu, kwa sababu shughuli yake iliishia hapo. Mwongoza watalii asiyejua tofauti hizi, hata akiwa na cheti na mabuti mazuri, hafai kuongoza watu kwenye mteremko ule.

Hapa Milanzi tuna ushahidi mwingine, nao ninauthamini kuliko wote. Masimulizi ya Wafipa, yakiwemo yale aliyoyakusanya mwanaanthropolojia Roy Willis katika miaka ya 1960, yanaitaja Milanzi kuwa chimbuko la utawala wa Ufipa, na Ntatakwa kuwa mtawala wake wa kwanza. Walipofika wanawake wageni wa ukoo wa Watwachi na kuuchukua utawala wa nchi, mtawala wa Milanzi alibakiwa na mlima Itwelele na mamlaka ya mambo yake matakatifu. Fikirini jambo hilo. Nchi nzima imeondoka mikononi mwake, na kilichobaki kikaonekana kinatosha heshima ya mtawala ni mlima. Itwelele si mrefu kuliko milima yote ya Ufipa. Aliyepita barabarani akiwa na orodha ya urefu wa milima hatageuza hata shingo. Lakini ukiniuliza mlima mkubwa wa Ufipa ni upi, nitakuonyesha huo, na nitakuambia kwamba njia yake inaanzia kwenye baraza la wazee, kwa kubisha hodi na kueleza shida yako. Anayepanda bila kubisha hodi hajapanda mlima huo, hata akisimama juu yake.

Najua nitaambiwa namwonea wivu Kilimanjaro. Sina wivu nao. Ni fahari yangu pia, mita zake 5,895 zote. Lakini tukumbuke desturi ya kukiabudu kilele ilikujaje. Wachagga waliishi na mlima huo kwa mifongo ya maji na vihamba vya migomba, wakaujua kwa mabonde yake na mito yake. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na Meyer akakiita kwa jina la mfalme wa Ujerumani. Tangu hapo mlima ukawa kitu cha kushindwa. Kilele kilipata maana yetu wenyewe usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na kuwasha mwenge, na maana hiyo naiheshimu kwa dhati. Ila hatukulazimika kurithi na ile tabia ya kuamini kwamba kilichobaki cha mlima ni ngazi tu ya kufikia juu.

Tabia hiyo inawaumiza hata wapandaji wa Kilimanjaro wenyewe. Mwili unahitaji siku ili uzoee hewa nyepesi, lakini mwenye kukitaka kilele kwa haraka na kwa bei nafuu hununua siku chache kuliko anazozihitaji, akaumwa kichwa na kutapika njia nzima. Usiku wa mwisho anaondoka kambini karibu na saa sita, gizani, na kwa saa nyingi haoni kitu isipokuwa visigino vya aliye mbele yake. Njia ndefu ya Lemosho, inayokatiza uwanda wa Shira kwa utulivu, wengi huiacha kwa kuwa inachelewesha. Inachelewesha nini? Mlima ndio huo wanaoukatiza.

Mbali na kwetu, kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi kina kilele cha zaidi ya mita 3,000, Piton des Neiges, na wageni hukipanda. Hata hivyo sehemu ya kisiwa inayosifiwa sana na watembeaji ni Mafate, shimo kubwa la milima lisilofikiwa na barabara ya gari. Njia za huko zinashuka na kupanda kati ya vitongoji, na watu wa kwanza kuishi humo walikuwa watumwa waliotoroka mashamba, baadhi yao wakiwa na asili ya pwani hii yetu ya Afrika. Leo mgeni analala kwa mwenyeji, anakula kwake, asubuhi anaendelea. Usambara nako, kutoka Lushoto hadi Mtae, watu hutembea siku kadhaa kijiji hadi kijiji bila kilele chochote, na wanarudi wakisimulia.

Hapo ndipo hoja ya pesa inapogeuka. Viongozi wanadhani kilele huleta fedha. Aliyepanda Malonje asubuhi hurudi kulala mjini, na kijiji alichokipita kimepata vumbi lake tu. Aliyeshuka ukingoni hawezi kurudi siku hiyo hiyo. Atalala bondeni, atanunua chakula, atamlipa mtu wa kumwongoza, na kesho yake atapanda zaidi ya mita 1,000 akiwa tayari amechoka. Wanaosema njia zisizo na kilele ni za wazembe na waanze na mpando huo, nao waanze alfajiri, kwa maana ikifika saa nne joto la mteremko ule halina huruma.

Upande wa magharibi mambo ni hayo hayo. Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Wageni husogea hadi ukingoni, wakapiga picha, wakaondoka. Wachache huuliza habari za mto baada ya kuanguka, unavyopita korongoni hadi Ziwa Tanganyika, au habari za juu ya maporomoko, ambako mwaka 2023 wanasayansi walitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu miaka ipatayo 476,000 iliyopita. Kuanzia kijiji cha Kapozwa hadi ufukweni kuna matembezi ya kujaza siku nzima.

Wakati pia huchaguliwa kwa kuijua nchi. Mvua za Novemba hadi Aprili huzigeuza njia za udongo kuwa utelezi, ingawa ndipo maua ya uwandani yanapotoka, yakiwemo yale ya mimea ambayo viazi vyake huchimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, biashara iliyoimaliza mimea hiyo sehemu nyingi. Septemba na Oktoba mioto ya nyasi hujaza moshi, ukasimama ukingoni usione ziwa. Mei na Juni ni bora: kijani kingalipo, anga ni safi, baridi ni ya kutembea.

Ninachokidai hakihitaji bajeti kubwa. Pikipiki zimechukua mizigo mingi iliyokuwa ikipita kwa miguu, na njia isiyopitwa hufunikwa na nyasi. Wazee waliozipita bado wapo vijijini kama Muze na Ntendo, na hapa Milanzi. Wanafunzi wetu wa sekondari wakae nao na karatasi waandike: kijia hiki kinaanzia kwa nani, maji yako wapi, mizigo ilituliwa wapi, ni sehemu gani hapapitwi bila ruhusa ya wazee au ya watu wa misitu. Karatasi hizo zikabidhiwe halmashauri, na zifanyiwe kazi kabla ya kusimamisha bango lolote la mita juu ya Malonje.