Msikilizaji Si Mgeni wa Ngoma

Umezuka mtindo wa kuisifu sanaa ya sauti inayomzunguka msikilizaji kana kwamba ni uvumbuzi uliotujia jana kutoka ng'ambo. Tunaambiwa kwamba mwaka 1948 Mfaransa Pierre Schaeffer alitunga muziki kwa sauti za magari moshi alizozinasa, na kwamba baadaye Mkanada R. Murray Schafer aliwafunza watu kuzisikiliza sauti za mazingira yao kama wasikilizavyo muziki. Hayo ni kweli, na wastahilio sifa wapewe. Lakini mwalimu wa Dodoma anayefundisha kwamba sanaa hiyo ilianzia huko, huyo anawafundisha vijana wetu kuwa viziwi nyumbani kwao.

Tuitazame ilimba ya Wagogo. Fundi hutoboa tundu katika mwili wake, kisha huliziba kwa utando wa buibui ili kila mlio uwe na mvumo. Buibui wa porini ameshirikishwa katika utunzi! Na katika uimbaji, mtaalamu Gerhard Kubik ameeleza kwamba ngazi ya sauti za Wagogo imejengwa juu ya sauti za asili zilizojificha ndani ya mlio mmoja. Maana yake ni kwamba wazee wetu waliisikia ngazi hiyo katika maumbile yenyewe. Nao muheme, ngoma ya akina mama, hupigwa ikiwa imebanwa mapajani, huku sauti nyingi zikipokezana. Asikilizaye hupiga makofi na kuitikia. Sauti humzunguka kwa sababu yumo ndani yake.

Je, sisi tumeifanyia nini sanaa hiyo? Tumeipanga mstari mmoja kuwakabili wageni wa heshima, tumeipa dakika tano kabla ya hotuba, tumeiwekea vipaza sauti vinavyoufunika mvumo wa ule utando, kisha tunajisifu kuwa tunauenzi utamaduni. Huko si kuenzi hata kidogo. Ni kupamba sherehe.

Wapo wasemao kwamba inatosha nyimbo hizo zikinaswa na kuhifadhiwa. Hugh Tracey alizinasa mwaka 1950, na kazi yake ni hazina. Lakini kanda haiwezi kumsubiri mtoto aliyekosea kuitikia, ikamrudisha mwanzo. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, hakuridhika na kuhifadhi. Aliunda ilimba kubwa zenye vyuma vingi kuliko zile alizozikuta, akatunga nyimbo mpya, na akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Aliipokea mila kama mkulima apokeavyo mbegu.

Wapo wengine, na hoja yao ni nzito, wanaosema kwamba muheme ulifungamana na jando la wasichana, hivyo kuupeleka shuleni ni kukirudisha kisu. Hofu hiyo isidharauliwe. Kisu kiliumiza, na sheria ya mwaka 1998 iliharamisha ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18. Tusikitetee kwa jina la mila, wala tusikitungie hata ubeti mmoja. Lakini ngoma haikukata mtu. Akina mama wanaoipiga hadharani katika tamasha la Chamwino wamekwisha kutuonesha kwamba yawezekana kulitupa lililo ovu na kubaki na lililo jema. Taifa lisiloweza kutenganisha mambo hayo mawili litatupa yote, au litang'ang'ania yote.

Uamuzi wa kuyahamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 Serikali imehamia kwa kasi. Mji unakua, na huo ni ufanisi. Lakini injini na vipaza sauti havimwombi mtu ruhusa ya kuingia masikioni mwake. Kwa hiyo kila shule ya sekondari ya uwanda huu iwatoe wanafunzi alfajiri wakasikilize: upepo wa kiangazi katika mibuyu, kengele za ng'ombe, mchi katika kinu. Kisha waketi duara, bila jukwaa, watunge kutokana na waliyoyasikia. Na bibi ajuaye muheme aitwe mwalimu, alipwe kama mwalimu.

Kazi hiyo haihitaji mitambo kutoka ng'ambo, na kibali chake mwalimu mkuu anaweza kukitoa kesho asubuhi. Shule itakayosubiri mpaka iandikiwe waraka, waraka utafika, nao mabibi hawatakuwapo.