Maji Safi ni Ulinzi wa Taifa

Askari hufundishwa tangu siku yake ya kwanza chuoni kwamba bunduki lazima iwe safi wakati wote, kwani bunduki chafu humsaliti mwenyewe saa ya hatari. Ni nadra kuambiwa kwa mkazo ule ule kwamba chupa ya maji iliyoning'inia kiunoni mwake nayo yaweza kumsaliti. Leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi juu ya jambo hilo, kwa kuwa wao na jamaa zao wanaoishi makambini mjini Kampala hunywa maji ya bomba kila siku.

Historia ya majeshi ya dunia imejaa ushahidi wa neno hili. Katika vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika ya Kusini, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1899 na 1902, jeshi la Uingereza lilipoteza askari wapatao 13,000 kwa maradhi, hali waliokufa kwa risasi na majeraha hawakufika 8,000. Mwezi wa Februari 1900, huko Paardeberg, askari wale walikunywa maji ya mto Modder ambamo mizoga ya farasi ilikuwa ikielea. Majuma machache baadaye, walipokwisha kuuteka mji wa Bloemfontein, homa ya matumbo iliwaangusha kwa maelfu. Adui alikuwa amekwisha kuukimbia mji. Aliyewaua waliingia naye matumboni.

Basi, je, maji ya bomba ya Kampala ni salama? Swali hili huulizwa Mbuya na Makindye, huulizwa Nsambya na Naguru, na wanaouliza wana haki ya kujibiwa. Lakini si swali la kujibiwa kwa neno moja. Hatuna budi kuyafuata maji yenyewe kutoka ziwani mpaka kikombeni, na kuona ni wapi yanalindwa na ni wapi yanaachwa bila mlinzi.

Shirika la Taifa la Maji na Maji Machafu liliundwa mwaka 1972, likianza na miji mitatu: Kampala, Jinja na Entebbe. Kwa miaka mingi Kampala imenyweshwa na mitambo ya Gaba, iliyo ufukoni mwa Ziwa Victoria, ambalo wenyeji huliita Nalubaale. Katika miaka ya karibuni mtambo mpya umejengwa Katosi, wilaya ya Mukono, wenye uwezo wa kutoa lita milioni 160 kwa siku. Huko maji hutiwa shabu ili takataka zishikamane na kuzama. Kisha huchujwa katika mchanga. Mwisho hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Shirika lina maabara yake Bugolobi ya kuyapima. Kazi hiyo ni kubwa, na wanaoifanya usiku na mchana wastahili shukrani za wananchi.

Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba mtambo husafisha kile unacholetewa. Gaba huchota maji katika ghuba ya Murchison, na ghuba hiyo hiyo ndiyo inayopokea uchafu wa mji. Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji ya katikati ya mji, hupita sokoni na katika eneo la viwanda, hufika Bugolobi, kisha humwagika katika kinamasi kilicho karibu na Luzira na kuingia ziwani. Zamani mafunjo ya kinamasi kile yalikuwa mlinzi mwaminifu: yalizuia tope, yakanyonya uchafu, yakauachia ziwa maji yenye nafuu. Sehemu kubwa ya mafunjo hayo imefyekwa, pakalimwa magimbi na pakajengwa. Ni kama kumwondoa mlinzi langoni kisha kushangaa kwa nini mwizi ameingia.

Matokeo yake ni kwamba mbolea ya vyoo na mashamba inayoingia ghubani hukuza mwani wa kijani. Mwani huo huziba machujio, huongeza gharama ya dawa, na aina nyingine zake hutoa sumu inayodhuru ini. Serikali imejenga mtambo mpya wa kusafisha maji machafu Bugolobi, wenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku, nao ni hatua ya kujivunia. Lakini wakazi wengi wa Kampala hawajaunganishwa na mabomba ya maji machafu. Vyoo vyao ni vya shimo, na mvua kubwa inyeshapo, yaliyomo hutembea.

Tuyafuate sasa maji yaliyokwisha kusafishwa. Kutoka Gaba husukumwa hadi matangi ya kilima cha Muyenga, na kutoka huko huteremka na kupandishwa tena kuelekea vilima vingine vya mji. Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui. Bomba likijaa maji yenye nguvu, hata likiwa na ufa, maji ndiyo yatokayo nje. Lakini maji yakikatika, nguvu ile huisha, na maji ya mtaro ambamo bomba limelala huingia ndani kwa njia ya ufa ule ule. Maji yakirudi, yanayotangulia kutoka bombani ndiyo mabaya zaidi. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Baada ya bomba huja tangi la kambi, na baada ya tangi huja jerikeni. Tangi lisilo na kifuniko, ambalo halijaoshwa kwa mwaka mzima, hugeuza maji mema kuwa maji ya dimbwi. Klorini iliyotiwa Gaba haidumu milele. Hupungua kwa kadiri maji yanavyosafiri na kukaa. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba maji yanapomfikia mnywaji yawe yamebakiwa na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, na kwamba katika mililita 100 za maji asipatikane hata kijidudu kimoja cha kinyesi. Kwa madini ya risasi kiwango chake hakipaswi kuzidi miligramu 0.01 kwa lita. Hivyo ndivyo vipimo; mtu asikubali kutulizwa kwa maneno matupu kwamba maji yanang'aa. Kijidudu hakionekani kwa macho, na risasi haina ladha.

Maji yanapokatika, watu hukimbilia chemchemi na wachuuzi. Chemchemi nyingi za mabondeni, kama Bwaise na Katwe, zimezungukwa na vyoo vya shimo, na hata ile iliyojengewa saruji vizuri haiwezi kuyazuia yanayopita chini ya ardhi. Mwaka 2015 Kampala iliingiliwa na homa ya matumbo: kati ya Februari na Juni watu zaidi ya 10,000 walishukiwa kuugua, na uchunguzi ukaonyesha kwamba chanzo kilikuwa maji machafu na vinywaji vilivyotengenezwa kwa maji hayo na kuuzwa barabarani. Askari wa zamu, ambaye husimama juani saa nane katikati ya mji, ni mteja wa kwanza wa vinywaji hivyo. Tusemapo haya hatumlaumu. Mtu mwenye kiu hanywi kwa hiari. Twauliza tu: ni nani aliyempeleka zamu bila ya kumjazia chupa yake?

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza wawaelekea maafisa wakuu wa kambi. Tangi la kambi lina thamani sawa na ghala ya silaha, nalo lipewe mwangalizi kwa jina lake na daftari lake. Lioshwe kwa tarehe zinazojulikana, lifunikwe, na klorini ipimwe kila juma. Kipimo chenyewe ni kidonge kinachotiwa katika maji na kuyapa rangi ya waridi. Mganga wa kambi aweza kukifanya kwa dakika chache. Matokeo yabandikwe ubaoni, askari na mkewe wayasome. Askari huaminiwa kubeba silaha ya taifa. Hakuna sababu ya kutoaminiwa kujua kilichomo katika kikombe chake.

Ushauri wa pili wawaelekea askari wenyewe na jamaa zao. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika nzima, au yatiwe dawa ya klorini kama yaandikwavyo maelezo yake. Yahifadhiwe katika chombo chenye mdomo mwembamba, mkono usiingie. Maji yaliyolala bombani usiku kucha yaachwe yatiririke kidogo kwanza, nayo yatumike kwa kufulia. Lakini ifahamike kwamba kuchemsha huua vijidudu tu. Hakuondoi risasi wala chumvi za vyooni, bali huzizidisha kadiri maji yanavyopungua. Uchafu wa namna hiyo hauzuiwi jikoni. Huzuiwa kule unakotoka.

Na hapo ndipo wajibu wa tatu unapowahusu moja kwa moja wavaa sare. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 39, yampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Maji ya mwaka 1997 na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 zakataza kuchafua maji. Sheria hizo hazijitekelezi zenyewe. Mkono wake ni polisi. Mwaka 2024 vikosi vya usalama vilifuatana na maofisa wa mazingira kuwaondoa watu waliokuwa wamejenga katika kinamasi cha Lubigi. Waliobomolewa wengi wao walikuwa watu wa hali ya chini, na askari waliokuwapo waliyaona machozi yao. Sheria ni sheria, wala hatuitetei nyumba iliyojengwa kinamasini. Lakini sheria inayolijua jina la mwenye kibanda yapasa ilijue vile vile jina la mwenye kiwanda afunguaye bomba lake la uchafu usiku wa manane kuelekea Nakivubo. Ikimfikia wa kwanza na kumpita wa pili, maji hayatasafika, na wananchi hawataiheshimu.

Mwisho, twalikumbusha Shirika la Maji kwamba imani ya mnywaji hujengwa kwa ukweli. Matokeo ya vipimo vya maji ya kila mtaa yatangazwe mara kwa mara, kwa lugha ambayo mwananchi aifahamu, yakiwa mazuri na hata yakiwa mabaya. Nazo taasisi za umma, makambi yakiwamo, zilipe ankara zake kwa wakati, kwani shabu na klorini hununuliwa kwa fedha.

Mlinzi wa mpaka hungojea adui aje. Mlinzi wa maji hana nafasi hiyo, kwa sababu adui wake yumo safarini kila siku, kutoka mtaroni mpaka kikombeni. Ndugu askari, kabla ya kutoka zamu kesho, itazameni bunduki kama mlivyofundishwa. Kisha itazameni chupa ya maji, na muulize yametoka wapi.