BETRI IKIFA, NANI ATAIZIKA?



Kwa miaka mingi wavuvi wa Mwamgongo, kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Gombe kwa upande wa kaskazini, waliwavuta dagaa kwa mwanga wa karabai. Siku hizi, pwani yote ya Ziwa Tanganyika, karabai zinaziachia nafasi taa za betri. Hatuna ugomvi na mabadiliko hayo, kwani yanampunguzia mvuvi gharama ya mafuta ya taa na moshi wake. Ugomvi wetu ni na wale wanaotuhubiria kwamba kitu kisichotoa moshi hakina dhambi.

Sumu isiyo na moshi

Betri ya kawaida ya gari, ambayo ndiyo rahisi kupatikana, ni risasi kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na ndani yake mna asidi ya salfa. Ikichakaa, mara nyingi hupasuliwa kwa nyundo, asidi ikamwagwa ardhini, na risasi ikayeyushwa kwenye moto wa wazi. Shirika la Afya Duniani limetamka kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Risasi hudumaza akili ya mtoto, na akili iliyodumaa hairudi.

Tujifunze kwa wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007 kando ya makazi ya maskini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hata hivyo shauri lilikatiwa rufaa, likaja kuamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2024. Haki ya mnyonge hutembea kwa magongo.

Na ziwa letu je? Kina chake hufika mita 1,470, na mto wake wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga. Kinachozama humo hakiondoki upesi.

Dawa mpya, jeraha la zamani

Tutajibiwa kwamba teknolojia mpya imekwisha kupatikana. Ni kweli. Betri za lithiamu hazina risasi, na mwaka 2019 wanasayansi watatu waliozianzisha walitunukiwa Nishani ya Nobel. Lakini nyingi kati yake huhitaji kobalti, na takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, nchi ya ng'ambo ya ziwa letu. Huko Kolwezi watoto wameonekana wakichimba na kubeba madini hayo. Tukiusafisha ufuo wetu kwa jasho la mtoto wa Kolwezi, tutakuwa tumeuhamisha uchafu, hatujauondoa.

Wala hatulazimiki kufanya hivyo. Zipo betri za lithiamu zinazotumia chuma na fosfeti badala ya kobalti. Zimeanza pia kuuzwa betri za sodiamu, elementi iliyomo hata katika chumvi ya Uvinza. Basi anayetuletea betri anao uchaguzi, na mwenye uchaguzi anao wajibu.

Hata hivyo, betri iliyo bora kuliko zote nayo hufa. Aliyeijua njia ya kuileta betri Mwamgongo kwa boti asijifanye ameisahau njia ya kuirudisha.

Tunadai nini?

Kwanza, kila muuzaji aipokee betri iliyokufa na kumrudishia mvuvi amana yake. Hili si geni. Wauza soda walitufundisha zamani kwamba kreti jipya hulipati bila kurudisha chupa tupu. Ikiwa chupa ya kioo inastahili kurudishwa, vipi sumu iachwe mchangani?

Pili, Serikali iwabane waagizaji kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na nchi nne zilizotia saini Mkataba wa Ziwa Tanganyika mwaka 2003 ziwe na kanuni moja. Sumu haina pasipoti.

Tatu, mradi wowote unaoleta "betri rafiki wa mazingira" utueleze hadharani madini yake yametoka wapi, na kwa mikono ya nani.

Wako watakaosema kwamba madai haya yatapandisha bei na kumwumiza maskini. Tunawajibu: gharama hiyo ipo tayari. Leo inalipwa na mtoto anayecheza penye risasi iliyomwagwa. Sisi tunataka ilipwe na mwenye faida.

Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, hayati Papa Fransisko alifundisha kwamba maskini na dunia huumizwa pamoja. Tusijifanye kama Kaini, aliyeulizwa habari za ndugu yake akajitia hajui.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Betri zilizokufa kijijini kwetu ziko wapi leo?
2. Ni nani aliyetuuzia, na je, tumewahi kumtaka azichukue?
3. Tutapeleka lini madai haya mbele ya Serikali ya Kijiji?