Kompyuta Mpya, Vidole vya Zamani

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10, ile programu kuu iliyotolewa mwaka 2015 na kuendesha kompyuta za jamaa nyingi sana, na yetu pia. Yafaa wasomaji wetu wajue maana halisi ya jambo hili, kwa kuwa wengine walidhani ya kwamba siku ile mashini zao zingezimika zenyewe. Hazikuzimika. Kilichokoma ni matengenezo ya bure, yale yanayoziba nyufa ambazo wezi wa mambo ya kompyuta huzitafuta usiku na mchana. Waliojiandikisha waliongezewa muda hadi Oktoba 2026. Kompyuta ya namna hiyo ni kama nyumba ambayo mlango wake wafungika bado, lakini fundi wa kufuli amekwisha kuhama mtaa. Mtu aweza kulala ndani yake, ila hatalala usingizi mzito.

Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, yadai prosesa ya miaka ya karibuni na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazikubaliwi, hata zikiwa nzima kabisa. Kompyuta yetu ya mezani ilikuwa mojawapo ya hizo. Hatuwezi kuisifu desturi hii. Sufuria isiyotoboka haitupwi kwa sababu mfua sufuria ametoa nyingine yenye mpini mzuri zaidi.

Hata hivyo tulikuwa na sababu yetu wenyewe ya kubadilisha, nayo ni umeme. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake yaweza kula watti 100 na zaidi; ile ya kubeba, hata ikiwa ya zamani, mara nyingi yatosheka na watti 20 hadi 50. Kwa nyumba inayotegemea betri na kibao cha jua, tofauti hiyo ndiyo saa mbili ao tatu za kazi. Tena umeme ukikatika katikati ya sentensi, kompyuta ya mezani hufa papo hapo, na sentensi hufa pamoja nayo. Basi tukanunua ya kubeba, iliyokwisha kutumika na watu wengine, na ndani yake tukaweka Linux Mint.

Kwa wasiojua, Linux ilianza mwaka 1991 kwa mkono wa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland. Aliwaachia watu wote ruhusa ya kuisoma, kuitumia na kuitengeneza, na maelfu ya mafundi wakafanya hivyo. Mint ni mojawapo ya nguo zake nyingi. Ilianza mwaka 2006, haidai malipo, na yaridhika na kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Tena mpangilio wake wafanana na ule wa Windows: kitufe cha kufungulia programu kiko chini upande wa kushoto, na saa iko upande wa kulia. Kwa hiyo tulitazamia ya kuwa taabu itakuwa ndogo.

Taabu ilikuwako, lakini haikutoka mahali tulipoitazamia. Ilitoka katika vidole.

Kompyuta ile ilipitia Uganda kabla ya kutufikia, nayo yabeba kibodi ya Kiingereza. Msomaji aliyejifunza kuandika katika ofisi ao katika shule ya Congo aelewa mara moja. Mpangilio wa herufi uanzao na Q, W, E, R, T, Y ulitokana na mashini ya kuandikia ya Christopher Latham Sholes, Mmarekani wa Milwaukee, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874. Wafaransa walihamisha herufi kadhaa wakapata A, Z, E, R, T, Y. Wabelgiji wakawafuata, nao wakazileta mashini zao katika ofisi na misioni za Congo. Waingereza walipeleka zao Kenya, Uganda na Tanganyika. Hivyo mpaka uliochorwa na wakoloni wapita hata leo katikati ya kibodi.

Herufi zilizobadilishana mahali ni chache: A na Q, W na Z, na M ambayo kwetu yakaa jirani na L. Mfaransa akizikosea, barua yake yaharibika kidogo. Lakini tazama lugha yetu! Kiswahili chaishi kwa herufi hizo hasa. Vidole vya Congo vikiandika neno “wazazi” juu ya kibodi ya Uganda, kiooni chatokea “zqwqwi”. Neno “mama”, la kwanza katika kinywa cha kila mtoto, lageuka “;q;q”. Mwenye kutaka kuandika “mwalimu” apata “;zqli;u”, na hilo si jina la kumpa mtu aliyesoma miaka mingi. Watoto wetu walicheka mpaka machozi, na kwa juma zima walituita kwa jina hilo, wakilitamka kadiri walivyoweza.

Jambo la kuchekesha hapo halichekeshi penye neno la siri. Mle ndani herufi hazionekani, zaonekana nukta tupu tu, na kompyuta yakataa bila kusema ni herufi gani iliyokosewa. Ni vema kabla ya kuhama mtu aandike neno lake la siri mahali panapoonekana, alitazame, kisha alifute.

Mwenye kusoma atauliza: Je, kompyuta haiwezi kuambiwa ifuate mpangilio wa Kifaransa? Yaweza, na ni kazi ya dakika moja. Lakini hapo rangi iliyochorwa juu ya vitufe yasema hivi, na kioo chasema vingine. Sisi tulioandika miaka mingi hatutazami vitufe, wala haitusumbui. Mtoto wa miaka minane hutazama, naye hukata tamaa. Tena kuna mpangilio wa Kifaransa na kuna wa Kibelgiji, na hizo mbili hazipatani: alama ya anwani za barua pepe, ile ya “a” iliyozungukwa, kwa Wabelgiji iko pamoja na 2, kwa Wafaransa iko pamoja na 0.

Tukajaribu njia ya katikati, yaani kibodi ya Kiingereza iliyo ya kimataifa, ambayo kwayo mtu apiga kwanza alama ya mkato wa juu, kisha e, akapata é ya Kifaransa. Kwa barua za shule yafaa sana. Siku ya pili tukaandika zoezi la Kiswahili juu ya mifugo, na kila ng'ombe akatokea “ngómbe”, kana kwamba amevalishwa kofia ya Kihispania. Mkato wa juu ulikuwa unaikamata o iliyoufuata. Dawa tuliipata katika orodha ya mipangilio ya Linux: uko mwingine ambao mkato wabaki mkato, na é yapatikana kwa kushika kitufe cha AltGr pamoja na e. Tangu hapo ng'ombe wametulia. Twaandika haya kirefu kwa sababu hatukuyaona katika kitabu cho chote cha maelezo, na kwa sababu twajua ya kwamba wengi wananunua kompyuta kutoka upande ule.

Mambo mengine tutayapita upesi. Mtihani ulioandikwa kwa Word, wenye kurasa mbili kamili, ulifunguka katika LibreOffice ukiwa na kurasa tatu, kwa sababu mwandiko wa Calibri ni mali ya Microsoft wala hautolewi pamoja na Linux. Uko mwandiko uitwao Carlito, wenye herufi za upana ule ule. Tulipouweka, ukurasa wa tatu ukatoweka. Picha za sinema za arusi ya dada yetu zilikataa kuingia katika flashi yenye nafasi tele: flashi iliyotengenezwa kwa namna iitwayo FAT32 haipokei faili moja yenye kufika gigabaiti 4. Ikitengenezwa upya kwa namna ya exFAT, yapokea. Lakini mtu akumbuke ya kuwa kuitengeneza upya ni kufuta vyote vilivyomo.

Jambo lililotutia hofu kweli lilikuwa likelemba. Mama wa nyumba yetu ndiye karani wa akina mama wanaochangiana feza kila mwezi, na wengi wao ni wajane. Miaka sita aliandika michango yao ndani ya programu ndogo ya hesabu katika kompyuta ya zamani: nani ametoa, nani amepokea, nani angali na deni. Faili ilihamishwa salama, ikakaa mahali pake katika kompyuta mpya, na haikufunguka. Programu ile haikuandikwa kwa ajili ya Linux, na faili yake haisomeki kwa programu nyingine yo yote. Mama akasimama nyuma yetu, akauliza kwa sauti ya chini: “Papa, feza ya wajane iko wapi?”

Tulimjibu ya kuwa feza iko sandukuni, kilichofichika ni kumbukumbu tu. Jibu hilo halikumtuliza, naye alikuwa na haki. Penye watu ishirini na zaidi, wengine wasiojua kusoma, kumbukumbu ndiyo feza yenyewe. Mwezi ujao ikiwa zamu ya mmoja haijulikani, urafiki wa miaka sita waweza kuvunjika asubuhi moja.

Bahati njema kompyuta ya mezani ilikuwa haijafutwa. Tukaiwasha, tukafungua programu ile, na katika mojawapo ya orodha zake tukakuta amri ya kutoa hesabu kama maandishi matupu, kila tarakimu ikitengwa na mwenzake kwa alama ya mkato. Namna hii yaitwa CSV, na karibu kila programu ya hesabu yaisoma. LibreOffice iliipokea bila swali. Mama akaketi na orodha ya majina, akalinganisha mwezi kwa mwezi hadi saa tano ya usiku, na jumla zote zikapatana. Tangu siku ile huhifadhi hesabu kwa namna mbili, na mwisho wa mwezi huzinakili pia katika daftari la karatasi, kwa kalamu. Hatukumshauri afanye hivyo, aliona mwenyewe.

Kwa hiyo tukiulizwa na jamaa anayetaka kubadilisha kompyuta aanzie wapi, hatumwambii aanze dukani. Aketi kwanza mbele ya ile ya zamani, afungue faili moja moja zile asizoweza kuzipoteza, na ajiulize ni programu gani iwezayo kuzisoma. Ikiwa jibu ni programu moja tu, hapo pana kazi ya kufanya kabla ya kutoa franka hata moja.

Na furaha? Ziko, tena si haba. Umeme ulipokatika juma lililopita tuliendelea kusahihisha madaftari na kuandika alama, nyumba nzima ikiwa gizani, bila kupoteza neno. Tarakimu katika kibodi ya Kiingereza zaandikwa moja kwa moja, wala haihitajiwi kushika kitufe cha herufi kubwa kama kwetu. Kwa mwalimu mwenye alama za wanafunzi hamsini, hiyo ni zawadi. Mtoto wetu mdogo amepata GCompris, michezo ya kujifunza hesabu na herufi isiyodai malipo. Binti mkubwa ameweka Kiwix, programu iwezeshayo kusoma Wikipedia pasipo intaneti, naye hutusomea mezani habari za volkano ya Nyiragongo mpaka chakula kinapoa.

Kompyuta ya mezani ingalipo, imefunikwa kitambaa. Mashini yetu ya kuchapa karatasi haijakubali kusikia sauti ya ile mpya, na mtengenezaji wake hakutoa programu ya Linux kwa ajili yake. Basi Jumamosi twabeba kazi kwa flashi, twainua kitambaa, na twangojea Windows 10 iamke polepole kama mzee aliyeitwa katikati ya usingizi. Intaneti tumeikata kwayo kabisa. Kijana wetu wa kwanza ataka kuiwekea Mint nayo baada ya mitihani ya Juni. Tumemkubalia, ila mama amesema kwanza yeye mwenyewe apite faili zote.