Beetle yako inayumba? Mlipe fundi apime kwanza

Wasee mnaofufua Beetle za wazee, heshima zenu. Kuchukua gari lililoota nyasi nyuma ya nyumba ya guka, ulipake rangi upya, ulishushe pua na lirudi barabarani si mchezo. Tena ni gari lenye jina hapa kwetu: Safari Rally ya 1962 ilitwaliwa na Tommy Fjastad akiwa ndani ya Beetle. Lakini kuna tabia imetuingia, na leo tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa.

Gari likishashushwa mbele, usukani unaanza ulevi. Mtaani, mwendo wa 30, huoni kitu. Ingia Thika Road ufike 80 ndio utajua. Pua inaenda kushoto, unairudisha, inaenda kulia. Lori likikupita, upepo wake unakupeleka leni ya mtu mwingine. Ukifika unakoenda mabega yamekaza kama umebeba simiti.

Halafu tunafanya nini? Tunakimbia Kirinyaga Road na pesa mkononi. Leo shoki ya usukani, kesho tairodi, mwezi ujao sanduku zima la usukani. Gari bado linayumba, na mfuko umetoboka.

Msimamo wangu ni huu: pesa ya kwanza ya gari linaloyumba isiende dukani. Iende kwa fundi wa kupima.

Mimi chuo niliacha njiani, kwa hivyo sikuletei hesabu za ubaoni. Angalia tu boda ikiwa imesimama. Vyuma vinavyoshika gurudumu la mbele havijasimama wima. Juu vimeegemea upande wa dereva, chini vimetangulia mbele. Ulalo huo ndio unaisaidia pikipiki kujinyoosha yenyewe ikiwa mwendoni. Gari nalo lina ulalo kama huo, na mafundi wa alainmenti huuita kasta.

Sasa njoo kwa Beetle. Ekseli yake ya mbele ni mabomba mawili, moja juu ya lingine, yenye vyuma bapa ndani vinavyojisokota kufanya kazi ya springi. Mabomba hayo yamefungwa kwa bolti kwenye kichwa cha fremu. Ukishusha pua na nyuma ukaiacha juu, gari zima linainama mbele na ekseli inainama nalo. Kasta inapungua. Na kwa sababu injini iko nyuma, mbele ni kwepesi, hivyo usukani unakosa nguvu ya kuurudisha katikati.

Umeona shida iko wapi? Hakuna kipuri kilichoharibika. Unaweza kubadilisha kila kitu kinachozunguka na gari liendelee kuzurura, maana kilichobadilika ni pembe.

Dawa yake ni kabari, vipande vyembamba vya chuma vinavyowekwa kati ya bomba la chini na fremu. Bomba la chini linasogea mbele kidogo, kasta inarudi. Ukiweka kabari nene, tafuta na bolti ndefu zaidi ili nyuzi zishike sawasawa. Ukipenda, shusha na nyuma pia ili gari likae sawa. Kabari haionekani kwenye picha, kwa hivyo hakuna anayeipigia debe. Rimu ndizo zinapata likes.

Lakini usikimbilie kabari pia! Hiyo itakuwa tabia ile ile. Kuyumba kuna sababu nyingi, na kila moja ina dalili yake. Usukani ukitetemeka kwa mwendo fulani tu, anza na balansi ya magurudumu. Gari likivuta upande mmoja kila wakati, angalia presha, breki inayoshika, au upande mmoja ulioshushwa kuliko mwingine. Likiruka pembeni kila ukipiga shimo, chunguza tairodi, hasa kama ekseli ilifupishwa ili tairi ziingie ndani ya madigadi. Tairodi zikikatwa fupi na kukaa kwa mteremko, kila gurudumu likipanda au kushuka linajipiga kona lenyewe. Likizurura tu bila kutetemeka, hapo ndipo kasta inaingia kwenye orodha ya washukiwa.

Na kuna vipimo ambavyo havigharimu kitu. Kwanza presha. Beetle hutaka upepo kidogo mbele na mwingi nyuma, kwa sababu uzito uko nyuma. Kijana wa petroli ukimwambia "jaza zote" atazisawazisha zote nne, na hapo tayari umenunua kuyumba bure. Pili, inua mbele kwa jeki, uweke stendi imara. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, shuku beringi au kingpini, au boli jointi kama ni modeli ya 1966 kuendelea. Lishike kushoto na kulia. Likicheza hapo, shuku tairodi au sanduku la usukani. (Wenye 1302 na 1303, mbele yenu imeundwa tofauti kabisa, kwa hivyo stori ya mabomba na kabari haiwahusu.)

Sanduku nalo lina skrubu ya kupunguza mchezo. Fundi mwenye haraka ataikaza mpaka usukani uwe mgumu, akuambie umepona. Usukani uliokazwa kupita kiasi haurudi katikati wenyewe. Utayumba upya.

Najua mtakachosema. "Huyo fundi ameangalia tu, hajabadilisha kitu, kwa nini nimlipe?" Hapo ndipo tunajiua wenyewe. Daktari tunamlipa kabla hajaandika dawa. Fundi tunamlipa akitoa chuma kimoja na kuweka kingine. Kwa hivyo amejifunza kutoa na kuweka. Tungefanya vivyo hivyo tukiwa yeye, maana watoto wake hawali shukrani. Fundi anayejua kwa nini gari linayumba anakaa na njaa, na yule anayekuuzia vipuri vitano anaitwa mkali. Akili ya jua kali haina cheti ukutani, lakini ni akili, na ina bei.

Na hii si stori ya wenye Beetle peke yao. Kwenye leni ya pili kuna boda imebeba mtu na mtoto. Hao hawakuomba kuwa sehemu ya projekti yako.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya kutuma M-Pesa kwa mwenye duka, rekebisha presha, piga jeki, kisha tafuta mahali wanapopima kasta ya kila upande na sio kunyoosha magurudumu tu. Dai namba kwenye karatasi, kushoto na kulia. Mwenye kukupa namba na kukueleza maana yake, mlipe bila kubargain. Mwenye kukwambia "badilisha tu hii tuone", mwambie asante, uondoke pole pole.