NDEGE HUNUNULIWA, RUBANI HULELEWA

Ndugu wanachama na wapenzi wa chama, tangu mwaka 2016 kila ndege mpya ya Taifa iliyotua Dar es Salaam ilipokewa kwa shangwe, ikamwagiwa maji na magari ya zimamoto, na wakubwa wakapiga picha mbele yake. Nasi tulifurahi, maana mali ile ni yetu. Lakini liko swali ambalo halikupigiwa ngoma, nasi wa Tabora twaliuliza waziwazi: watu wa kuzirusha ndege hizo watoka wapi, na wale waliokuwa wakirusha za zamani wamekwenda wapi?

Twalisema neno letu mapema ili asiwepo wa kutuelewa vibaya. Shirika la ndege halifi siku ndege yake inapolala chini. Hufa siku marubani wake wanapochoka kungoja. Ndege yaweza kununuliwa kwa fedha za bajeti ya mwaka mmoja. Nahodha wa ndege hapatikani kwa bajeti ya mwaka mmoja, hata mkiwa na fedha kama mchanga.

Sisi wa Tabora tunayo haki ya kulisema hili, kwa sababu mji wetu ulijengwa na safari. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, mali iliyotoka Ujiji na nchi za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kwenda Bagamoyo ilipita Unyanyembe mabegani mwa watu. Kutoka pwani hadi hapa palikuwa na mwendo wa miezi mitatu, na mara nyingi zaidi. Hatuisifu biashara ile, maana ilibeba pembe na iliuza watu. Twausifu ujuzi wa wazee wetu. Mwenye mali alikuwa Mwarabu, au tajiri wa pwani aliyekopesha fedha, au Mzungu mwenye daftari lake. Aliyeijua njia alikuwa kirangozi, na mara nyingi kirangozi huyo alikuwa Mnyamwezi. Yeye ndiye aliyetangulia mbele ya msafara. Alijua maji yaliko, alijua pa kulala, alijua mtemi yupi atadai hongo na kiasi gani. Tajiri aliyepunja posho aliweza kuamka asubuhi akaikuta mizigo imelala chini na watu wamekwenda zao. Aliwaita watoro. Sisi twasema walikuwa wafanyakazi waliojua thamani ya kazi yao.

Rubani ndiye kirangozi wa leo. Tazameni sasa jinsi alivyotendewa.

Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki lilianza safari zake mwaka 1946 kwa ndege sita ndogo. Hisa zilishikwa na serikali za kikoloni: Kenya zaidi ya nusu, Uganda sehemu yake, Tanganyika asilimia 9, na Unguja isiyofika asilimia 1. Makao makuu na karakana kubwa vilikuwa Nairobi. Ndege za shirika hilo zilitua hata hapa Tabora, lakini usukani ulikuwa mikononi mwa Wazungu. Mwafrika alipewa mizigo apakie.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1971 nchi tatu zilifungua chuo cha urubani Soroti, Uganda, ili vijana wao wasome pamoja. Shirika lilikuwa na ndege kubwa za VC10 zilizokwenda London, lilikuwa na DC-9, lilikuwa na Fokker za safari za ndani. Kijana wa Kiafrika aliyeingia Soroti aliona njia ndefu mbele yake: aanze na ndege ndogo, apande Fokker, apande DC-9, na mwisho avuke bahari.

Njia hiyo ilikatwa mwaka 1977. Washirika waligombana, fedha hazikupelekwa makao makuu kama ilivyopasa, madeni yakajaa, ndege zikasimama. Kenya ilianzisha shirika lake mwezi wa Januari, nasi tukaanzisha letu mwezi wa Machi. Karakana kubwa ilibaki Nairobi. Chuo cha Soroti kilibaki Uganda. Mapatano ya kugawana mali ya Jumuiya yalikuja mwaka 1984, miaka saba baadaye, na hapo mgeni kutoka Uswisi ndiye aliyekaa katikati kama mzee wa baraza. Wafanyakazi je? Wazee waliozitumikia idara na mashirika ya Jumuiya walidai haki zao hata mvi zikawajaa, na hapa kwetu mapatano ya malipo mahakamani yalifanywa mwaka 2005. Kijana aliyekuwa na miaka 30 siku ndege ziliposimama alikuwa na miaka 58.

Hilo lilikuwa pigo la ghafula. Pigo la pili lilikuja polepole, nalo ndilo baya zaidi, kwa sababu halikuwa na kelele.

Ili mlielewe, yafaa mjue sheria ya kazi yenyewe. Cheti cha rubani si kama cheti chetu sisi walimu, ambacho ukikipata wakitundika ukutani hata uzeeni. Cheti cha rubani ni kama shamba: usipolilima, msitu unalichukua. Ili aruhusiwe kubeba abiria, lazima awe amepaa na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita. Mara mbili kwa mwaka hujaribiwa, na marubani wa ndege kubwa hujaribiwa ndani ya mashine inayoigiza ndege, ambayo kwa aina nyingi hupatikana ng'ambo kwa fedha za kigeni. Kila mwaka daktari humpima macho, masikio na moyo. Ruhusa ya kurusha ndege ya aina moja haimruhusu kurusha aina nyingine mpaka asome tena. Na cheti cha juu, kile cha nahodha wa ndege kubwa, hakitolewi kabla hajatimiza saa 1,500 angani.

Basi fikirini: shirika likiwa na marubani 30 na ndege moja, marubani wale hawali mshahara wa bure tu kama wanavyosema wenye dhihaka. Wanaoza. Saa haziongezeki, siku 90 zinapita, muda wa majaribio unapita na fedha ya kwenda kujaribiwa haipo. Kijana aliyebakiza saa 400 afikie cheti cha juu anazeeka na saa zake 400 zile zile.

Hayo ndiyo yaliyolipata Shirika letu. Mwaka 2002 tuliambiwa dawa ni kuuza. Asilimia 49 ikauzwa kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini, tukaahidiwa kwamba Dar es Salaam itakuwa njia panda ya anga ya Afrika ya Mashariki. Tulichokipata ni hasara, na hata tiketi zikauzwa kwa namba za mkubwa. Mwaka 2006 ndoa ilivunjika, Serikali ikazirudisha hisa. Desemba 2008 Shirika lilipokonywa cheti cha kuendesha safari kwa kukosa kutimiza masharti ya usalama, likasimama kwa wiki kadhaa. Aprili 2012 ndege yake aina ya Dash 8 iliharibika Kigoma ilipokuwa ikiruka. Watu wote walisalimika, twamshukuru Mungu, lakini ndege haikurudi kazini. Kabla ya ndege mpya kufika mwaka 2016, Shirika la Taifa lenye watu wanaolipwa mishahara lilikuwa limebakiwa na ndege moja tu ya kuruka.

Waliokuwa na nguvu waliondoka. Walikwenda katika mashirika ya watu binafsi, walikwenda nchi za jirani, walikwenda Ghuba. Wapo waliowaita wasio na uzalendo. Nasi twauliza: mzalendo ale nini, na akitii amri ya kungoja, nani atamrudishia saa zake? Mpagazi asiyepewa posho hutua mzigo. Aibu si yake.

Wala hili si la Tanzania peke yake. Shirika la Uganda lilifungwa mwaka 2001 na kufufuliwa mwaka 2019. Hesabuni wenyewe ni marubani wangapi wanaoweza kungoja miaka 18. Kenya, waliobaki na karakana ya Nairobi, nao walianguka katika hasara za mwaka hadi mwaka. Novemba 2022 marubani wao waligoma, na moja ya madai yao ilikuwa fedha za akiba ya uzeeni ambazo mwajiri aliacha kuzichangia tangu siku za korona. Shirika linapopungukiwa, kitu cha kwanza kuguswa ni mfuko wa mtu anayeshika usukani.

Sasa wapo wanaosema: "Rubani ni mtu wa mshahara mnono. Yamhusu nini mkulima wa tumbaku wa Urambo, au mrina asali wa Sikonge, ambaye hajapanda ndege tangu azaliwe?" Maneno haya ni matamu, na ni ya hatari. Yanamhusu kwa sababu fedha ni zake. Ndege zilinunuliwa kwa fedha za umma, kwa jina la Wakala wa Ndege za Serikali, na Shirika likawa mpangaji wake. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alionyesha hasara ya Shirika ya shilingi bilioni 56.64 kwa mwaka 2022/23, na bilioni 91.8 kwa mwaka 2023/24. Sehemu ya sababu ilikuwa injini za Airbus A220, ambazo kasoro zake zilianzia kiwandani. Ndege zikalala chini, na marubani waliosomeshwa kwa ndege hizo wakapungukiwa na safari. Tumbaku ya Urambo inalipa.

Na yanamhusu kwa sababu ya usalama. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga yake, na Juni 2025 ukayajumlisha mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania. Wako watakaosema huo ni ukoloni mtupu. Mkoloni tunamjua, hatuhitaji kufundishwa. Lakini someni sababu walizotoa: mojawapo ni upungufu wa watu wenye sifa katika usimamizi wa usalama. Sasa mkaguzi wa safari za ndege anatengenezwa na nini? Anatengenezwa na rubani aliyekwisha kuruka miaka mingi. Mwalimu wa marubani je? Ni huyo huyo. Basi kizazi cha marubani tulichokiacha kioze au kiondoke ndicho hicho ambacho leo kingekaa viti vya wakaguzi na walimu. Deni la miaka ile limefika, nalo limefika na riba.

Wanaotaka Shirika liuzwe tena twawaambia: tuliuza mwaka 2002, tukaona. Wanaotaka tupige makofi kila ndege inapotua twawaambia: tulipiga, na mikono imechoka. Sisi twataka mambo manne, nayo si ya ndoto.

La kwanza, kijana wa Kitanzania asomee urubani nyumbani, kuanzia ndege ndogo hadi cheti cha biashara. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kimeanza kujengwa kwa kazi hiyo. Kipewe ndege za kutosha na walimu, kisiachwe kuwa jengo lenye bango.

La pili, fedha za majaribio ya marubani zitengwe mahali pake, zisiguswe kwa safari za wakubwa wala kwa sherehe. Shirika likipungukiwa, lipunguze viti vya ofisini kabla halijapunguza saa za rubani.

La tatu, rubani aliyesomeshwa kwa fedha ya umma alitumikie Taifa kwa miaka iliyoandikwa, na Taifa nalo liandike katika mkataba huo huo kwamba litampa ndege ya kurusha na kumlipa kwa wakati. Mkataba unaomfunga mmoja ni pingu.

La nne, kila mwaka, pamoja na hesabu za faida na hasara, Shirika litangaze hesabu ya watu: marubani wangapi wameingia, wangapi wameondoka na kwa nini, na wangapi wana vyeti hai. Tumezoea kuhesabu ndege. Tujifunze kuhesabu watu.

Mwaka 1958 chama cha wazee wetu kilikutana hapa Tabora, wakabishana kwa siku kadhaa juu ya kura tatu, wakatoka na uamuzi wa busara uliotufikisha Uhuru. Hawakuogopa hesabu ngumu. Nasi tusiiogope hii. Basi ndugu, ajenda hii ipelekeni kwenye mikutano ya matawi yenu, Urambo, Nzega, Igunga, Sikonge, Kaliua na Uyui. Mbunge atakapokuja kuomba kura zenu, msimwulize ndege ngapi zimenunuliwa. Mwulizeni marubani wangapi wamebaki, na mngoje jibu.