Risasi ya Pili Haisahihishi ya Kwanza

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na sijui mahali ambapo usemi huo huthibitika zaidi kuliko katika mazungumzo ya wasasi juu ya bunduki zao. Mwenye bunduki ya kupakia kwa mkono ataapa kwamba hakuna iliyo bora kuliko yake kwa kupiga mbali. Mwenye bunduki ya kujipakia naye atajibu kwamba yake hupiga mbali vile vile, na zaidi ya hayo humpa risasi ya pili kabla mwenzake hajamaliza kuvuta bolti. Dai hili la pili ndilo ninalotaka kulichungua leo, kwa sababu lina ukweli ndani yake, na ukweli huo una hatari nyuma yake.

Yafaa kwanza tuelewane ni silaha gani tunayoizungumza. Bunduki ya kujipakia si bombomu. Kila risasi yataka kifyatulio kivutwe upya. Kazi inayofanywa na mtambo ni kulitoa ganda tupu na kuisukuma risasi mpya chumbani. Wasasi wa Marekani wameijua kwa muda mrefu, kwani Remington Model 8, iliyobuniwa na John Browning, ilianza kuuzwa mwaka 1906. Lakini iliyoenea kupita nyingi, na ambayo nitaichukua kuwa mfano wangu, ni ile iitwayo Browning BAR, iliyotokea mwaka 1967 kwa juhudi za mjukuu wake, Bruce Browning, pamoja na kiwanda cha FN cha Herstal huko Ubelgiji. Herufi hizo tatu zimewapotosha wengi, maana ndizo zilizokuwa jina la bunduki ya vita ya mwaka 1918, nayo pia kazi ya yule babu. Silaha hizi mbili zimerithi jina tu. Mitambo yake ni mbalimbali kabisa.

Katika hii ya wasasi, sehemu ya gesi ya baruti hupenya katika tundu dogo lililotobolewa kwenye mtutu, ikaisukuma pistoni fupi iliyo chini yake, na pistoni hiyo ndiyo inayoirudisha nyuma bolti yenye meno saba ya kufungia. Magazini yake huchukua risasi 4, au 3 zikiwa za aina kubwa ya magnum. Uzito wake ni kiasi cha kilo tatu na nusu.

Sasa tuwasikilize wenyewe. Sifa ya kwanza wanayoitaja karibu wote ni wepesi wa teke. Nguvu inayolipiga bega haipotei, bali hugawanyika: bolti na springi huchukua sehemu yake, na iliyosalia hufika begani kwa kusukuma kuliko kwa kupiga. Anayeona jambo hili kuwa dogo hajapata kumtazama mtu akilenga kwa bunduki anayoiogopa. Hufumba macho, hukinyakua kifyatulio badala ya kukibonyeza taratibu, na risasi huenda alikopenda shetani. Mtu huyo huyo, akipewa bunduki isiyomtesa, huanza kupiga vizuri siku hiyo hiyo. Sifa ya pili ni kwamba jicho halitoki katika darubini. Mwenye bolti ya mkono hupoteza picha ya mnyama kwa kitambo wakati akipakia, ilhali huyu wa kujipakia humwona amepigwa wapi na amekimbilia upande gani.

Tena iko kazi ambayo silaha hii huifanya kwa namna isiyoshindika. Katika misitu ya Ufaransa na Ujerumani nguruwe mwitu huwindwa kwa msako: watu na mbwa huwafukuza kutoka vichakani, na wasasi husimama wakiwangojea pembeni. Nguruwe hukatiza njia mbele ya mtu kwa umbali wa mita 30 au 50, akionekana kwa sekunde mbili au tatu tu. Risasi ya pili iliyo tayari mahali hapo ni rehema kwa mnyama, kwani aliyejeruhiwa kwa ya kwanza bado yu karibu, bado anaonekana, na anaweza kumalizwa papo hapo. Juu ya hilo sina ubishi na mtu.

Matatizo huanza pale bunduki hiyo hiyo inapotolewa msituni na kupelekwa kwenye uwanda. Tuchukue nyika za Wyoming, magharibi ya Marekani, ambako huwindwa yule mnyama mfano wa swala waitwaye pronghorn, mwenye macho makali na mbio ambazo hapana mnyama mwingine wa bara lile awezaye kuzifikia. Huko hakuna kichaka cha kujificha. Mnyama yuko mita 300, pengine 400, amesimama, na msasi ana bunduki yake aliyoizoea na magazini iliyojaa.

Na tuhesabu. Risasi ya .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita zipatazo 820 kwa sekunde. Ikiwa darubini imerekebishwa ili ipige sawasawa kwa mita 200, basi kwa mita 300 risasi itakuwa imeshuka chini ya shabaha kwa kiasi cha robo mita, na kwa mita 400 karibu robo tatu ya mita. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao ni upepo wa kawaida kabisa katika nyika hizo, utaisogeza kando kiasi cha sentimita 20 kwa mita 300. Kufika huko itachukua sekunde kama nne kwa kumi, na mnyama akipiga hatua moja ya malisho katika kitambo hicho, aliyelengwa moyoni hupigwa tumboni. Mambo haya ni sawa kwa kila bunduki; hayachagui ya kujipakia wala ya mkono. Lakini juu yake sharti tuongeze kosa la bunduki yenyewe.

Bunduki ya kuwindia ya kujipakia, iliyo nzima na iliyotunzwa, kwa kawaida huzikusanya risasi zake katika duara la sentimita 4 hadi 6 kwa mita 100. Mwenyewe hulitoa tundu la karatasi hilo mfukoni na kuwaonyesha wenzake kwa fahari, nao hukubali kwamba ni kazi nzuri. Ni nzuri kweli. Ila duara hilo hukua kadiri ya umbali: kwa mita 300 limekuwa sentimita 12 hadi 18, na kwa mita 400 linafika hata 24. Sehemu ya kifua cha mnyama wa kadiri hiyo, yaani pale palipo na moyo na mapafu, upana wake hauzidi sana sentimita 20. Maana yake ni kwamba kwa mita 400 bunduki peke yake, ikiwa imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, bila upepo, bila mkono unaotetemeka, bila kosa la kukisia umbali, imekwisha kuimaliza nafasi yote iliyokuwapo. Mwindaji hakuachiwa hata sentimita moja ya kukosea.

Kwa nini iwe hivyo? Mtutu wa bunduki hii haukukaa peke yake. Chini yake mmefungwa mtambo wa gesi, na mtutu unapopata moto baada ya risasi tatu au nne, vyuma hivyo huvutana, shabaha ikahama kidogo. Kifyatulio nacho kwa kawaida ni kizito na huburuta kabla ya kuachia, jambo ambalo watengenezaji hawawezi kulikwepa sana, kwa sababu bunduki inayojipakia yenyewe haifai kuwa na kifyatulio cha kuguswa tu. Na bolti hujifunga kwa nguvu ya springi yake: anayeisindikiza taratibu kwa mkono ili isipige kelele karibu na mnyama huenda akaiacha haikufunga barabara, na bunduki ikakataa kulia wakati inapotakiwa. Hili la mwisho wenye bunduki hulijua sana, na wengi wamelijifunza kwa kupoteza mnyama.

Haki itendeke, hata hivyo. Sisemi kwamba mtambo wa gesi hauwezi kupiga mbali. Jeshi la Marekani lilipokea katika miaka ya 2000 bunduki ya kujipakia ya M110 kwa ajili ya walengaji wake wa mbali, na haikuchaguliwa kwa mapenzi tu. Lakini ile ni silaha nzito, mtutu wake umeachwa huru bila kuguswa na kitu kwa urefu wake mwingi, na hulazwa juu ya miguu miwili na mtu aliyelipwa kufanya mazoezi hayo mwaka mzima. Wala kiwanda cha Browning hakikulala: katika miaka ya 1990 kiliweka kwenye ncha ya mtutu kifaa kiitwacho BOSS, chenye uzito mdogo unaosogezwa mbele na nyuma mpaka mtikisiko wa mtutu ukubaliane na risasi inayotumiwa. Chafaa. Ubaya wake ni mlio, ambao humpiga masikioni kila aliye karibu, na kwa ajili hiyo wengine hukifungua na kukitia sandukuni.

Hata hivyo naona kosa kubwa haliko katika chuma. Liko katika ahadi ambayo magazini humnong'oneza msasi. Yule mwenye bolti ya mkono, akiwa mbali, hujua kwamba akikosa mnyama atakuwa amekwenda, na kwa hiyo hukaza pumzi, hupima upepo, na mara nyingi huamua kutopiga. Mwenye ya kujipakia hujiambia: nikikosa ninayo nyingine. Anasahau kwamba risasi ya pili hupigwa mnyama akiwa anakimbia, mbali kuliko kwanza, mtutu ukiwa umetikiswa na moyo wa mpigaji ukimdunda. Ikiwa ya kwanza, iliyopigwa kwa utulivu, haikufika mahali pake, ya pili itafikaje? Nimesikia wenye bunduki hii wakisimulia kwa furaha kwamba walimpata mnyama kwa risasi ya nne. Mimi hujiuliza zile tatu zilikwenda wapi.

Nakumbuka, nikiwa kijana, nilifuatana na askari mmoja wa wanyamapori kutafuta kongoni aliyepigwa jioni kwa umbali ambao mpigaji mwenyewe hakuweza kuutaja. Bunduki iliyotumika ilikuwa ya bolti, kwa hiyo simsingizii mtu. Tuliifuata damu kuanzia alfajiri, tone baada ya tone juu ya majani, mpaka jua likawa kichwani. Tulimkuta amelala chini ya mti, taya limevunjwa, yu hai. Yule askari hakusema neno. Alifanya kazi yake, kisha akakaa chini akaifuta bunduki yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Serikali nyingi zimeiwekea silaha hii mipaka, ingawa kwa sababu mbalimbali. Mkataba wa Bern wa mwaka 1979 uliziorodhesha miongoni mwa njia zilizokatazwa bunduki za kujipakia zenye magazini ya kuchukua zaidi ya risasi mbili, na maagizo ya Ulaya ya mwaka 1992 yakafuata. Uingereza ilizipiga marufuku karibu zote mwaka 1988, isipokuwa zile ndogo za .22, na huko sababu ilikuwa mauaji ya watu. Katika jimbo la Pennsylvania, mwaka 2017, wasimamizi wa uwindaji waliziruhusu kwa wanyama wadogo na wa manyoya lakini wakazikataa kwa wakubwa. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania nayo haimruhusu msasi kuzitumia, na mgeni anayekuja kuwinda huko hutakiwa kuleta bunduki ya namna nyingine. Ajabu ni kwamba hapana hata moja ya sheria hizi iliyoweka kikomo cha umbali. Idadi ya risasi huhesabika kwa mlinzi wa lango. Umbali hubaki baina ya msasi na dhamiri yake.

Kwa hiyo namwambia mwenye bunduki hii aiache karatasi ya mita 100 nyumbani. Aende uwanjani asubuhi, mtutu ukiwa baridi, apige risasi moja tu kwa mita 200 akiwa amekaa chini au amepiga goti, kama atakavyokuwa porini, bila meza wala mchanga. Arudie siku nyingine, na nyingine, mpaka zifike siku kumi, katika karatasi ile ile. Matundu yote kumi yakiingia ndani ya sahani ya kulia chakula, basi mita 200 ni zake, na ajaribu 250 kwa utaratibu huo huo. Yasipoingia, ajongee. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na pronghorn hufikiwa kwa kutambaa katika makorongo makavu, magoti yakichubuka, mpaka mita 150, ambapo bunduki hii inajua kazi yake na risasi tatu zilizosalia katika magazini hurudi nyumbani zikiwa nzima.